Jipu, Chunjua au Kidonda? Majina ya Uvimbe wa Ngozi ya Punda Visiwani Lamu

Makala haya yanahusu vitu vinavyoota juu ya ngozi ya mnyama, na majina ambayo wenye mnyama huvipa vitu hivyo. Huenda msomaji akashangaa kuona mada ya madaktari wa mifugo ikiingizwa katika jarida la chama cha Kiswahili. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba mnyama hana ulimi wa kujieleza. Anayemleta kwa tabibu ndiye anayesema kwa niaba yake, na husema kwa maneno aliyorithi. Kabla ya dawa kuna jina. Hoja tunayoijenga hapa ni kwamba jina hilo, na hasa kitenzi kinachoandamana nalo, huuamulia mkono wa binadamu utakalofanya: usubiri, utumbue, ung'oe, ukaushe au uache. Kwa magonjwa mengi ya ngozi, uamuzi huo huwa wa busara. Lakini upo uvimbe mmoja, ambao madaktari huuita sarkoidi, unaoyakwepa majina yetu yote, na kila jina usilostahili linaloupata humwongezea punda mateso.

Kwa nini punda, na si mbwa?

Maandishi mengi ya kitabibu kuhusu uvimbe wa ngozi ya wanyama yanamhusu mbwa, na kuna sababu. Kwa mbwa, ngozi ni miongoni mwa sehemu za mwili ambako uvimbe huonekana mara nyingi zaidi, na mwingi wa uvimbe huo si wa hatari. Mbwa wachanga, kwa mfano, huota chunjua midomoni kutokana na virusi, nazo aghalabu hutoweka zenyewe baada ya majuma au miezi michache bila kuguswa. Kwa upande mwingine, mbwa wana saratani ya ajabu inayoambukizwa kwa kujamiiana. Kinachohama kutoka mbwa hadi mbwa si virusi wala bakteria bali seli za saratani yenyewe, zikiwa hai. Mwaka 1876 daktari wa mifugo Mrusi, Mstislav Novinsky, aliipandikiza kutoka mbwa mmoja hadi mwingine. Nao utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kwamba seli zote hizo, popote duniani zilipo, zilitokana na mbwa mmoja aliyeishi Asia kati ya miaka 4,000 na 8,500 iliyopita. Yaani mbwa huyo alikwisha kufa zamani za kale, ila uvimbe wake ungali unaishi.

Lakini tukitaka kuona lugha ikifanya kazi Lamu, mbwa hatatufaa sana. Wakazi wengi wa mji wa Lamu ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ambayo huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi, na kwa hivyo ni wachache mno wanaomfuga nyumbani. Mbwa wa kulinda mashamba utawakuta zaidi upande wa bara, kama vile Mpeketoni. Mnyama wa Lamu ni punda. Mji huu, ambao uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, ulijengwa kwa vichochoro ambavyo gari halipiti. Mawe ya matumbawe, mchanga, saruji, chokaa na magunia yashukayo kutoka majahazini hupanda mjini juu ya mgongo wa punda. Maelfu ya wanyama hawa ndio malori ya visiwa hivi. Mwaka 1987, shirika la Kiingereza la Donkey Sanctuary, lililoanzishwa na Elisabeth Svendsen mwaka 1969, lilifungua zahanati ya punda katika mji wa Lamu, na kwa miongo iliyofuata punda wakawa wakitibiwa huko bila malipo. Binadamu wengi wa pwani wangalitamani bahati hiyo.

(Kwa mabano tu: fasihi simulizi yetu haijamtendea haki mnyama huyu. Tunaambiwa kwamba shukrani ya punda ni mateke, lakini hatuambiwi alibebeshwa nini kabla ya kurusha teke hilo.)

Vitenzi vinavyotibu

Tuanze na jipu. Katika Kiswahili jipu hutoka, hutunga usaha, huiva, na likishaiva hutumbuliwa au hupasuka lenyewe. Msamiati huu ni wa matunda. Kitenzi ‘kuiva’ kinabeba ushauri mzima wa tiba ndani yake: lingoje, usilibane likiwa bichi, kisha litoboe. Ni ushauri mzuri. Tabibu wa kisasa hana mengi ya kuongeza ila usafi wa kisu. Kitenzi ‘kutumbua’ kina nguvu kiasi kwamba kuanzia mwishoni mwa mwaka 2015, Rais John Magufuli wa Tanzania alipokuwa akiwaondoa maofisa kazini, msemo wa ‘kutumbua majipu’ ulienea Afrika Mashariki nzima bila kuhitaji kufafanuliwa. Kila aliyeusikia alielewa kwamba uchafu umo ndani na kinachotakikana ni ncha kali tu.

Chunjua, au sunzua kama wengine waiitavyo, haiivi. Yenyewe huota. Hapa tumetoka kwenye tunda tukaingia kwenye gugu: chunjua ina mzizi, hukatwa, hung'olewa, au hufungwa kwa uzi au unywele mpaka inyauke na kudondoka. Mwenye kuifunga uzi anafuata mantiki ya mkulima, na kwa chunjua ya kawaida mantiki hiyo mara nyingi hufaulu.

Kidonda nacho ni kitu cha namna nyingine kabisa. Si nyongeza juu ya mwili bali ni mahali ambapo mwili umefunguka. Ndiyo maana kidonda hufunga, hukauka, hupona. Kikikataa, lugha hukipandisha cheo kwa kukidondoshea kiambishi ki-: kinakuwa donda. Nalo donda likienea na kula nyama ya pembeni huitwa donda ndugu. Dawa ya kidonda, kwa mujibu wa kitenzi chake, ni kukikausha. Hapo ndipo majivu, unga wa dawa na hata mafuta machafu ya injini hupata nafasi juu ya ngozi ya punda, na mambo yanapochacha, chuma cha moto.

Kuna pia choa, baka la duara lililopukutika nywele, ambalo huenea na hupakwa dawa. Kuna tezi na kifundo, uvimbe wa chini ya ngozi unaoteleza kidoleni, ambao watu huuacha kwa kuwa hauumi. Na juu ya yote hayo kuna neno ‘uvimbe’ lenyewe, nomino iliyozaliwa na kitenzi ‘kuvimba’. Neno hili halina ushauri wowote. Halisemi subiri, wala kata, wala kausha. Pengine ndiyo sababu madaktari hulipenda. Udhaifu wake ni kwamba aliyeumwa na nyuki ana uvimbe, na mwenye saratani ana uvimbe.

Mtu asidhani kwamba orodha hii ni ya ujinga. Ni uainishaji makini, uliojengwa na watu walioitazama ngozi kwa karne nyingi bila hadubini. Umejengwa juu ya sura ya kitu na mwenendo wake. Tatizo hutokea pale maradhi mamoja yanapokuja na sura nne.

Sarkoidi

Mwaka 1936 huko Afrika Kusini, mtaalamu aliyeitwa Jackson aliueleza uvimbe wa ngozi ya farasi, nyumbu na punda akaupa jina linalotokana na neno la Kiyunani lenye maana ya nyama. Sarkoidi, kwa tafsiri sisisi, ni ‘kinachofanana na nyama’. Baadaye ilidhihirika kwamba ndio uvimbe wa ngozi unaowapata wanyama wa jamii ya farasi kuliko mwingine wowote duniani, na kwamba unahusiana na virusi vya ng'ombe: virusi vile vile vinavyomwotesha ng'ombe chunjua. Kwa ng'ombe, chunjua hizo kwa kawaida hupita. Virusi hivyo vinapoingia katika ngozi ya punda, hasa penye jeraha, seli za ngozi huchochewa kuzaana pasipo kipimo. Nzi wanashukiwa kuwa miongoni mwa wanaovisafirisha, kwa kuwa chembe za vinasaba vya virusi hivyo zimepatikana katika miili yao. Binadamu haambukizwi.

Sasa tuzitazame sura zake. Sarkoidi inaweza kuanza kama baka bapa lisilo na nywele, lenye magamba kidogo. Mwenye punda atasema ni choa. Inaweza kuwa na uso mkavu wenye mikwaruzo. Atasema ni chunjua. Inaweza kuwa kifundo kigumu cha mviringo chini ya ngozi nzima. Atasema ni tezi, au jipu changa. Na inaweza kuwa nyama nyekundu iliyofumuka, yenye unyevu, inayotoka damu ikiguswa na kuzingirwa na nzi. Atasema ni kidonda, kisha donda, kisha donda ndugu. Mara nyingine sura mbili au tatu hukaa pamoja juu ya punda mmoja. Hupendelea mapaja kwa ndani, sehemu za siri, kifua, masikio, pembe za macho na midomo, pamoja na mahali palipochubuka zamani. Huonekana zaidi kwa wanyama wangali wachanga, yaani katika umri ambao punda ndio kwanza anaanza kumlipa mwenyewe gharama ya kumlea.

Haisambai kwenda katika maini au mapafu kama saratani nyingine zifanyavyo. Kwa maana hiyo si muuaji wa moja kwa moja. Lakini huzama pembeni na chini zaidi ya jicho linavyoona, na hapa ndipo penye hatari yote: sarkoidi iliyotulia, ikichokozwa, huweza kubadilika sura na kuwa ile nyekundu inayokua kwa kasi. Kuikata kijuujuu, kuitoboa, kuifunga uzi nusu nusu, kuichoma bila kuimaliza, yote haya ni uchokozi. Ikiachwa mizizi yake pembeni mwa jeraha, hurudi, aghalabu ndani ya miezi sita, na mara nyingi hurudi ikiwa kubwa kuliko ilivyokuwa.

Maneno ya mzee wa Langoni

Nilikuwa Lamu kwa utafiti wa uwandani usiohusiana na punda hata kidogo, ila kisiwani humo mtu hawezi kuwaepuka. Mzee mmoja wa mtaa wa Langoni alikuwa na punda dume wa miaka mitatu hivi, mwenye uvimbe paja la ndani. Nilimwomba anisimulie tangu mwanzo, na nilichoandika daftarini kilikuwa, kwa hakika, historia ya majina.

Kwanza lilikuwa jipu. Akasubiri majuma mawili liive. Halikuiva. Jirani akalitumbua kwa wembe, na badala ya usaha ikatoka damu. Jipu lisilo na usaha si jipu, kwa hiyo likabadilishwa jina likawa kidonda, kwani sasa palikuwa na mkato kweli. Likawekwa majivu. Likakauka juu, chini likaendelea kuota. Kitenzi kilipokuwa ‘kuota’, jina likageuka tena: chunjua. Mtu mwenye ujuzi wa kukata akaletwa, akaikata usawa wa ngozi, akapiga chuma cha moto. Ikatulia mwezi mmoja. Iliporudi ilikuwa kama ngumi ya mtoto, na punda akawa hawezi kutembea bila kuisugua.

“Sasa unaiitaje, mzee?” nilimwuliza.

“Mwanangu, hili ni dude tu,” alinijibu. “Haliivi, halikauki, halitoki.”

Katika Kiswahili, dude ni kile ambacho msemaji amekosa jina lake. Mzee yule alikuwa amefikia, kwa njia ya ukanushaji, maelezo sahihi ya sarkoidi kuliko ninayoweza kuyatunga mimi: kitu kinachokanusha vitenzi vyote vitatu. Lakini alifika huko baada ya miezi saba, na katika miezi hiyo mchanga uliokuwa ubebwe na punda wake ulibebwa na punda wa kukodi. Mwenye nyumba yenye watoto sita ataelewa maana yake. Daktari wa wanyama alimpasua punda yule mara mbili kwa dawa ya usingizi, akikata kwa upana kuzunguka uvimbe. Nilipoondoka alikuwa akibeba mizigo myepesi.

Vinavyofanana nayo

Pasiwe na anayesoma makala haya kisha akaliita kila donda la punda sarkoidi. Vidonda vingi vya punda ni vya kusuguliwa tu: shogi, ile mifuko ya mizigo itandikwayo mgongoni, ikikaa vibaya au ikikosa tandiko laini chini yake, huchuna ngozi, na kamba humaliza kazi. Hivi huponywa kwa kupumzishwa na kusafishwa. Miguuni, chini ya goti, jeraha la kawaida huweza kufumua nyama ya ziada inayozuia ngozi kufunga. Inafanana mno na sarkoidi nyekundu lakini haina virusi ndani yake. Kuna pia vidonda vinavyotokana na viluwiluwi vya minyoo ambavyo nzi huviangusha penye unyevu. Ndani yake huonekana punje ndogo za manjano, na dawa ya minyoo kama ivamektini husaidia. Na kuna saratani halisi ya ngozi, inayopendelea mahali pasipo na rangi nyeusi, kama kingo za macho. Kwa kisiwa kilichoko digrii mbili tu kusini mwa ikweta, jua lina mkono wake.

Neno ‘saratani’ lenyewe lastahili aya. Tumelipata kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni kaa, yule wa baharini, na wanafalaki wetu wamelitumia kwa maana hiyo kutaja buruji ya nne. ‘Kansa’ tumeipata kutoka Kiingereza, kilichoitoa katika Kilatini, na huko nako maana yake ni kaa. Maneno mawili yanayogombea nafasi katika magazeti yetu, moja likionekana la pwani na jingine la bara, ni mnyama mmoja aliyepitia bandari mbili. Watu wa kale waliona mishipa iliyotanuka kuzunguka uvimbe ikiwa kama miguu ya kaa. Hilo lanikumbusha kwamba hata sayansi yenye majina ya kutisha ilianza kama alivyoanza mzee wa Langoni, kwa kutazama na kufananisha.

Tuiite nini?

Wapo watakaosema tukope ‘sarkoidi’ na tuishie hapo. Kwa mawasiliano ya wataalamu, sina pingamizi. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, ilikwisha kuonyesha kwamba Kiswahili kinaweza kukopa kwa nidhamu. Lakini neno hilo haliwezi kumzuia jirani mwenye wembe, kwa sababu halimwambii chochote. Halina kitenzi.

Nilifikiria ‘kinyama sugu’. Faida yake ni dhahiri: ‘kinyama’ ni tafsiri aminifu ya Kiyunani cha Jackson, na watu tayari husema nyama imeota puani au jichoni. Ugumu upo katika ‘sugu’. Kama kivumishi, neno hili humaanisha kisichosikia dawa, na hilo ni sawa. Kama nomino, ni ngozi iliyokomaa kwa kusuguliwa, na mgongo wa punda wa Lamu umejaa sugu za shogi. Tungekuwa tumeondoa utata mmoja na kuleta mwingine pale pale kwenye ngozi. Mapendekezo ya aina hii hupendeza sana kwenye karatasi za semina na kufa ufukoni.

Mwelekeo wangu ni kuiacha nomino iwe ‘kinyama’ tu na kuupa uzito kitenzi: ‘kinyama kinachorudi’. Ni kirefu, kinakosa umbo la istilahi, na baadhi ya walimu wangu watakikataa. Lakini kinasema jambo la pekee ambalo mwenye punda anahitaji kulijua kabla ya kuchukua kisu, na hakimwachi atende kwa mazoea ya tunda, gugu au jeraha. Kinamwelekeza pia kwa matibabu yanayostahili: kukata kwa upana chini ya dawa ya usingizi, kugandisha kwa nitrojeni ya maji, mionzi ya leza, dawa za kupaka au kudunga zinazoua seli, na kwa kinyama kidogo kilichotulia, kukiacha na kukipima kila mwezi bila kukigusa. Mengi ya haya hayapatikani kisiwani kila siku. La mwisho linapatikana popote penye mtu mwenye uzi wa kupimia na subira.

Aidha, wale wanaowahudumia punda wangeweza kubadili namna ya kuuliza. Swali la kawaida ni “Hiki ni nini?”, na mwenye punda hulazimika kuchagua jina. Ni afadhali aulizwe kwa vitenzi. Kimewahi kutunga usaha? Kimewahi kukauka kabisa na kufunga? Kilianza penye mchubuko, au kwenye ngozi nzima? Kilipokatwa, kilirudi? Akijibu kwamba kilirudi, na kilirudi kikubwa zaidi, basi chuma kisiwekwe tena motoni, na punda apelekwe kwa daktari kabla ya mtu mwingine kukigusa.